Benchi la Fundi

Mwishoni mwa 2022 nilinunua gemu bichi. Ndivyo tulivyoyaita nyumbani, Mombasa, magemu yanayouzwa kabla hayajaisha: unalipa leo, unacheza kilichopo, mengine utaletewa. Steam, duka la magemu la mtandaoni, walianza utaratibu huo Machi 2013, na kila gemu la aina hiyo hubeba onyo kwamba kama kilichopo hakikuvutii, subiri. Onyo nililisoma. Nikasoma pia ahadi ya waundaji: mwaka mmoja hivi litakuwa tayari. Nikafungua GlobalPay, kadi ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni, ngeni kabisa mwaka ule, nikalipa.

Aliyelipenda hasa ni mdogo wangu. Shamba, mbuzi, mvua, na upande wa mashariki mto wenye daraja lililovunjika. Kando yake kibao: linajengwa. Mji ulikuwa ng'ambo.

Mwaka ukapita. Kisha miezi mitano mizima bila neno. Usiku mmoja wa Ramadhani 2024, tumeshafuturu, mdogo wangu akapiga kelele: "Kaka, limekuja! Sasisho!" Nikanunua bando mbio. Lilipomaliza kushuka alikusanya mbuzi wake wote akawaswaga hadi mtoni.

Daraja lile lile. Juu ya kibao walikuwa wamening'iniza taa.

Orodha ya mabadiliko ilikuwa na mistari miwili: taa, na neno moja la menyu lililokuwa limekosewa tahajia. Nikawaita wezi, kwa sauti. Mama alikuwa sebuleni na cherehani, nguo za Idi zimemjaa hadi magotini.

"Pesa uliwapa zote?"

"Zote, mama."

"Kabla ya kazi?"

Akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Yeye huchukua arubuni nusu, na anachelewa, hilo halifichi. Lakini Idi ikikaribia, wateja huja wakakaa kwenye benchi lake mlangoni, na hawaondoki mpaka waone sindano inatembea kwenye kitambaa chao.

"Huyo fundi wako," akaniuliza, "benchi lake liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kuchelewa kwenyewe sina ugomvi nako. Gemu la DayZ lilikaa bichi kuanzia Desemba 2013 hadi Desemba 2018. Project Zomboid iliingia dukani 2013 ikiwa mbichi, na miaka zaidi ya kumi baadaye waundaji wake bado walikuwa wanajitokeza kuonyesha wamefika wapi. Mtu akiniambia pesa zimeisha au ameugua, nitamwelewa. Wetu hawakusema kitu. Kurudishiwa pesa nako kulikuwa kumeshapita zamani: sharti ni siku 14 na uwe umecheza chini ya saa mbili, na sisi tulikuwa na mbuzi 63.

Nikawaandikia usiku ule ule, kwa adabu, swali moja tu: kuna mtu bado yuko kazini? Hadi leo sijajibiwa.

Mdogo wangu hakuwa ananisikiliza. Alishafunga mbuzi kwenye nguzo ya kibao.

"Lakini kaka," akasema, "sasa hata usiku kinasomeka."