Nilivyoomba kamisheni kwenye duka la mtandaoni, na hesabu niliyotumia

Admini wa duka la mtandaoni hapa Dar bado analipwa kama muuzaji wa kaunta, ilhali anajibu DM, anaboost matangazo, anafunga mizigo na kubishana na boda. Kumwambia bosi "nina kazi nyingi" hakuongezi hata senti. Mimi nilikwenda na shiti ya kumbukumbu za oda za miezi mitatu.

Shiti ilikuwa na safu nane: tarehe, mteja katokea wapi (Instagram, WhatsApp, TikTok), saa aliyouliza, saa aliyojibiwa, bidhaa, bei, mzigo umefika au umerudi, na sababu ya kurudi. Wengi huishia kwenye bei. Pesa yenyewe imelala kwenye safu ya mwisho.

Duka ni la viatu na mikoba, stoo iko Kariakoo, na oda moja kwa wastani ni 45,000. Mwezi wa kwanza ziliingia oda 420, zikafika na kulipwa 310. Mizigo 110 ilirudi, na boda anadai 4,000 yake hata mteja asipopokea. Hiyo ni 440,000, karibu sawa na mshahara wangu wa 500,000.

Sababu zilizojirudia ni tatu. Kwanza, simu haipatikani boda akiwa getini. Dawa yake ni kupiga kabla mzigo haujatoka stoo, asipopokea mara mbili mzigo unabaki. Pili, nauli inamshtua mteja mlangoni. Tukaanza kuipokea mapema kwa lipa namba. Hapo oda hupungua, usiogope, wanaokimbia ni wale wa kujaribu tu. Tatu, saizi. Namba za viatu vya China haziaminiki, kwa hiyo mteja asimame juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, aweke alama kwenye kidole kirefu, atume sentimita. Stoo nao wanapima soli ya ndani kwa rula. Kazi ya dakika mbili, lakini ndiyo iliyopunguza marejesho kuliko zote.

Mwezi wa tatu ziliingia oda 370, zikalipwa 338. Mauzo 15,210,000.

Ndipo nikamwambia bosi: "Mama, safari za boda za hasara zilikuwa 110, sasa ni 32, na nyingi nauli yake mteja alishalipa." Akajibu, "Haya mwanangu, sema unachotaka."

Alianza na 2% ya oda zote zinazoingia. Inasikika tamu, ila kwa mwezi ule ni 333,000 tu, tena inamfundisha admini kuokota oda hewa. Akaja na asilimia ya faida. Hiyo ikatae kabisa, maana faida anaijua mwenye duka peke yake, na mwezi mbaya utaambiwa haikupatikana. Tulikubaliana 3% ya mauzo yaliyofika na kulipwa, juu ya 500,000 ileile. Kwa mwezi wa tatu kamisheni ingekuwa 456,300.

Kumbuka kamisheni nayo ni mshahara mbele ya TRA. Jumla 956,300, NSSF ikikatwa 10% kwenye yote ni 95,630. Inabaki 860,670 ya kukatwa kodi: 270,000 za mwanzo hazikatwi, mpaka 520,000 ni 8%, mpaka 760,000 ni 20%, inayozidi hapo mpaka 1,000,000 ni 25%. Kodi inafika kama 93,170, mkononi 767,500. Kwa 500,000 kavu nilikuwa nabaki na 435,600.

Yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inataka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya kazi yako, pamoja na malipo na namna yanavyokokotolewa. Kwetu tuliandika hivi: hesabu inafungwa tarehe 25, mzigo ukirudi ndani ya siku tatu inakatwa kamisheni ya oda hiyo tu, na bosi akishusha bei, kamisheni inahesabiwa kwa bei ya zamani hadi mwezi uishe. Hicho cha mwisho nilikisahau mara ya kwanza, na ofa ya sikukuu ikanila.

Jambo jingine: usiendeshe matangazo kwa akaunti ya bosi kwenye simu ya bosi. Omba uongezwe kwa jina lako kwenye akaunti ya matangazo, utoe ripoti kila mwezi. Duka likifungwa, rekodi ya kazi yako ibaki nawe, maana hata kampuni kubwa huondoka. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kwenye CV "nilisimamia kurasa za mitandao" haina uzito. Mimi niliandika: matangazo 600,000, oda 338 zilizolipwa, gharama ya tangazo kwa oda 1,775, marejesho kutoka 26% hadi 9%. Mwajiri aliyenipigia simu baadaye aliuliza kuhusu hiyo 9% kabla hajauliza cheti.