Siku niliyowamwagia kuku pilipili

Kila nikisikia mtu anasema kuku hana shida, kuku anakula chochote, nacheka peke yangu, maana na mimi niliamini hivyo hivyo mpaka nikajikuta saa kumi na mbili asubuhi nimeinama kwenye beseni naosha macho kwa maziwa na mke wangu amesimama pembeni hana mbavu kwa kucheka.

Ilikua 2018 mwezi wa saba, tulikua tunakaa Tanga, Mikanjuni, nyumba ya kupanga ila uwani kukubwa. Nilikua na kuku 14 machotara, matetea 13 na jogoo mmoja mkorofi balaa. Mwanzoni nilikua nawapa chakula cha dukani kile cha kuku wa mayai, kinakuja kimeshachanganywa kila kitu, wanakula, wanataga, hatusumbuani. Sasa kuku wa mayai mmoja anakula kama gramu 110 mpaka 120 kwa siku, kwahiyo wangu wote ni kilo moja na nusu na kidogo, kwenye karatasi unaona si kitu ila subiri mwezi uishe. Nikasema mbona nachanganya mwenyewe tu. Nikaenda Mgandini nikabeba pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, vumbi la dagaa, chokaa ya mifugo na chumvi kiduchu, nikamwaga juu ya turubai nikakoroga kwa koleo kama fundi anakoroga zege. Nilijiona bingwa kweli kweli siku ile.

Nikawawekea kwenye tairi bovu lililokatwa, ndio ilikua sahani yao. Nikakaa kwenye kigoda kuangalia.

Jamani kuku anachagua. Tena anachagua kuliko mtoto wa miaka mitatu. Hana meno, ulimi wake wala hauna ladha nyingi kama wetu, lakini jicho lile! Anainamisha kichwa upande mmoja, anaangalia, tuk, kadonoa kipande cha mahindi. Anaangalia tena, tuk, kichwa cha dagaa. Vikubwa kwanza, vinavyong'aa kwanza, halafu vipande vya mashudu, na kile cha unga unga hakitaki kabisa, anaingiza mguu ndani ya tairi anachakura, pumba inaruka hadi ukutani. Ikifika saa sita mchana ndani ya tairi limebaki vumbi jeupe tupu, pumba na chokaa, na wao wamesimama wananitazama kama mimi ndio nimekosea.

Na kweli nilikosea, ila sikujua. Chokaa yote ilikua inabaki chini, ndani ya wiki mbili tatu nikaanza kuokota mayai yana ganda jembamba, mawili yakatoka laini kabisa kama kipira, ukiligusa linabonyea. Halafu kwa vile wanachagua hawashibi vizuri, wakaanza kutafuta kwingine. Kwingine kwenyewe ni kwa bi mkubwa wa nyumba ya pili, yule bibi alikua na matuta manne ya mchicha nyuma ya ua wa makuti, mchicha wa kijani umenona hata binadamu ukipita unatamani. Ua una matundu. Mnajua kilichofuata.

Cha ajabu kipindi hicho hicho kijana wa chipsi aliyekua ananunua mayai kwangu akanisifia. Akasema bro mayai yako siku hizi kiini cha njano kabisa, wateja wanadhani ya kienyeji. Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia ni mchanganyiko wangu ule, formula ya siri bana.

Bi mkubwa alivumilia. Alikuja mara ya kwanza kwa upole, "mwanangu, kuku wako wananitia hasara." Mara ya pili hakuniita mwanangu. Nikaziba matundu kwa mabati, wakaruka juu. Nikawakata mbawa, jogoo akagundua njia ya chooni. Ndio nikapata lile wazo, na sijui nilikua nawaza nini: pilipili. Nikanunua pilipili kichaa kavu, nikazitwanga kwenye kinu usiku, na alfajiri kabla bibi hajatoka kuswali nikanyemelea nikawa nanyunyizia kwenye yale matuta yake. Yani nanyunyizia mchicha wa mtu, bila kumwambia mwenyewe.

Kumbuka ni mwezi wa saba, kusi inavuma. Nimeshika bakuli, nimegeukia upande wa bahari, nikarusha konzi ya kwanza ikanirudia yote usoni. Sikupiga kelele kwa sababu nilikua mwizi kwa namna fulani, nilichuchumaa pale kwenye mchicha natoa machozi na kamasi, na jicho moja lililokua linafungua kidogo ndilo lililowaona kuku wangu wanaingia. Kwa mstari. Jogoo mbele. Wakaanza kula mchicha wenye pilipili kama kawaida, na kibaya zaidi tetea mmoja mwekundu akaacha majani akawa anaokota zile mbegu za pilipili moja moja, tuk tuk tuk, anazichagua! Pumba yangu hawaitaki, pilipili kichaa wanaokota.

Nikasikia mtu anacheka. Bi mkubwa amesimama mlangoni na kanga kichwani.

"Shikamoo bibi," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Naona unaniungia mchicha kabla sijauchuma."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alipomaliza kucheka akanionyesha mpilipili uliokua chini ya mwembe wake, akaniuliza, ule nani kaupanda pale? Mimi sijui bibi. "Ndege! Wanakula huko wanakuja kunya hapa. Ndege hawashwi na pilipili, na kuku ni nini kama si ndege?" Ile methali ya pilipili usiyoila yakuwashiani, kwangu ilikua kinyume, waliokula wala hawana habari, nilie­washwa mimi ambaye sikula hata punje. Miaka baadaye, 2021, nikasoma kwamba yule mwanasayansi David Julius kapewa Nobel kwa kugundua kile kitu mwilini kinachohisi ukali wa pilipili, na maabara yake walishaonyesha tangu 2002 kwamba cha kuku hakishtuki na pilipili. Bi mkubwa alijua kwa kuangalia mwembe tu.

Basi baada ya maziwa na aibu alikuja kwangu kuangalia hilo tairi. Akachota ile pumba, akaipuliza. Akasema hiki ukiwapa kikavu watachagua mpaka kiama, kiloweshe na maji kidogo kishikane kama machicha ya nazi, hapo mdomo mmoja unabeba vyote, ila uweke cha kuisha mara hiyo hiyo kisije kikachacha. Chokaa nyingine weka pembeni kwenye kopo, tetea anayeihitaji ataifuata mwenyewe. Na majani ufunge fungu ulining'inize kwenye banda wadonoe huku wanaruka, wasije kwangu. Nikafanya hivyo, na maganda yakaanza kurudi kuwa magumu polepole.

Jioni ile nikampelekea mayai sita ya kuomba radhi. Akachukua moja akalipasua kwenye bakuli palepale mbele yangu, kiini njano iliyokolea. Akaniangalia.

"Kuku wako unawapa mahindi gani?"

"Haya haya meupe, bibi."

"Mahindi meupe hayatoi rangi hii," akasema, akakielekeza kidole kiini. "Huu ni mchicha wangu. Kwahiyo tangu lini unauza mchicha wangu kwa yule wa chipsi?"

Tukakubaliana mayai manne kila Ijumaa. Alikua anakuja kuyachukua mwenyewe, na siku nikimpa matatu alikua anayahesabu kwa sauti.