Jumatano Anjuna: gulio la Goa na bei ya korosho

Wabongo mnaosoma Pune, India, mnaoniulizaga jimbo la Goa huko huko India kuna nini zaidi ya bichi na pombe, jibu langu ni moja, pangeni safari iangukie Jumatano mwende gulioni Anjuna. Mi nilikuwa nimelala Panjim, mji mkuu wa Goa, asubuhi nikapanda basi la serikali, yale ya Kadamba, mpaka mji wa Mapusa, pale unashuka unatafuta kibasi cha Anjuna, vibasi vya watu binafsi vyenye maua ya plastiki mbele na Bikira Maria au Ganesh, mungu wa Kihindu, inategemea na mwenye gari, konda anapiga filimbi na mnabanana kama Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nauli ni hela ndogo mno.

Gulio lipo upande wa kusini wa bichi, kwenye minazi, na linakuwepo msimu wa kiangazi tu, Novemba hivi mpaka Aprili, mvua zao zikishuka Juni usijisumbue. Walianzisha mahipi miaka ya 1970, wale wazungu waliokuja kukaa Goa, hela ikikata mtu anatandika shuka chini anauza vitu vyake apate nauli au apate ya kula aendelee kukaa. Siku hizi mahipi wenyewe wa kuhesabu, wazee wa watu na rasta zao nyeupe. Waliojaa ni wafanyabiashara kutoka mbali, Wakashmiri na shali na mazulia, Watibeti na vito vya fedha, halafu kuna wamama wa Kilambani, kabila linalotokea jimbo la Karnataka, hao sasa! Magauni yana vioo na sarafu kila sehemu, bangili mpaka juu ya kiwiko, na ukimwangalia machoni tu umekwisha, anakufuata mpaka mwisho wa safu anakuita didi, didi, yaani dada.

Mmoja alinitajia mkufu rupia 1,200. Nikacheka. Akacheka na yeye. Nikamwambia 200, akashika kifua kama nimemtukana mama yake, akaanza kuniuliza natoka wapi, Afrika? Afrika kubwa, wapi? Nikasema Tanzania akasema aaah Tanzania, very good, nikajua huyu hajui hata ipo upande gani ila biashara anaijua, tukaenda hivyo hivyo mpaka 350 akafunga kwenye gazeti na kikuku cha nyongeza. Watu wanasema soko limeharibika limekuwa la watalii, mi naona hayo malalamiko ni ya mtu aliyekuja kutafuta mahipi akawakosa. Ushindani wa bei upo, utani upo, mtu anaigiza kuondoka anaitwa arudi, sasa soko lingine lina nini zaidi ya hapo?

Kilichoniuma ni korosho. Goa korosho zipo kila kona, za chumvi, za pilipili, zenye maganda yake ya ndani, na mi nimekulia Newala mzee ana mikorosho, kwahiyo lazima niulize bei. Kilo ya nzima nzima nyeupe, rupia 1,100. Rupia moja piga kama shilingi 30 ya kwetu, hapo ni zaidi ya elfu thelathini. Kupata kilo moja iliyobanguliwa unahitaji kilo nne mpaka tano za ghafi, na mnakumbuka 2018 bei ya serikali ilikuwa 3,300 kwa kilo ya ghafi na ilionekana kubwa. Fanya hesabu mwenyewe, hata nusu ya hiyo elfu thelathini ni kwa mbinde. Na hapo sijamtaja mkulima aliyeuza kwa kangomba, wale wanunuzi haramu, kabla hata ya mnada. Sehemu kubwa ya ghafi yetu inapakiwa melini inakuja huku India kubanguliwa, yaani inawezekana kabisa nilikuwa nashikashika korosho za nyumbani kwetu zimevaa pakiti ya Goa. Mkorosho wenyewe Wareno ndio waliuleta kutoka Brazil, Goa wakapanda na pwani yetu wakapanda, mche ule ule. Mabibo wao wanakamua wanapika feni, pombe kali ya kwao, na ile inayotoka kwenye mtambo mara ya kwanza wanaiita urrak, watu wa Mtwara msianze hahaha. Sikununua hata gramu, nilikataa kwa hasira tu, muuzaji hakuelewa kosa lake ni nini.

Mchana nikala wali na mchuzi wa samaki kibanda cha juu ya mawe, bichi ya Anjuna ina mawe mawe meusi sio ya kuogelea sana, mchuzi una nazi na uchachu fulani wa kokum, tunda lao la kutia ukakasi, mtamu, ila samaki kipande kimoja chembamba mpaka unaonea huruma.

Kurudi msichelewe. Teksi za kuita kwa simu, Ola na Uber, mlizozoea Pune huku hakuna, teksi wanakutajia bei ya kukaa chini kwanza, na vibasi vya jioni vinakuja vimeshajaa. Mi nilichukua pilot, ndo bodaboda wao, pikipiki ina rangi ya njano na nyeusi, ni halali na zina leseni, unapatana bei kabla ya kupanda, akanitupa Mapusa fasta nikadaka basi la Panjim nikasimama njia nzima. Na kama bado mnataka kununua viungo au samaki wakavu, subirini Ijumaa mwende Mapusa kwenyewe, ndo siku ya gulio lao, na wananunua wenyeji kwahiyo bei ina adabu.