Nilivyochagua kadi ya grafiki kwa kupiga hesabu mwenyewe (kompyuta ya kuhariri video, Tanga)

Kadi nyingi za grafiki tunazonunua Tanga zinatoka Kariakoo. Unatuma hela, mzigo unapakiwa kwenye basi, unaupokea stendi ya Kange. Nafasi ya kuijaribu kadi kabla ya kulipa huwa haipo, kwa hiyo ulinganisho wote lazima uishe kwenye karatasi kwanza.

Kompyuta yangu ni ya mezani, iliyotumika ofisini, na kazi yake ni kuhariri video za harusi. Sloti yake ya kuchomekea kadi ni PCIe 3.0, yaani toleo la tatu la njia inayopitisha data kati ya kadi na madabodi. Pawasaplai iliyokuja nayo ilikuwa ya wati 280, haina waya hata mmoja wa kulishia kadi. Nilikuwa na kadi tatu za kuchagua: RX 580 ya GB 8, GTX 1660 Super ya GB 6, na RX 6500 XT ya GB 4.

Nilianza na teraflopu, yaani hesabu trilioni ngapi kadi inaweza kufanya kwa sekunde, maana ndiyo namba ambayo wauzaji huitaja. Unachukua idadi ya viini (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu), unazidisha kwa 2, kisha unazidisha kwa kasi ya saa. Ile 2 inatokana na kwamba kila kiini, kwa kila pigo la saa, kinaweza kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, na hizo zinahesabiwa kuwa operesheni mbili. GTX 1660 Super ina viini 1408 na kasi ya 1785 MHz: 1408 × 2 × 1785 inakupa milioni 5,026,560 kwa sekunde, yaani teraflopu 5.03. RX 580 ina viini 2304 na 1340 MHz, unapata 6.17. RX 6500 XT ina viini 1024 tu, lakini kasi yake ni 2815 MHz, nayo inafika 5.77.

Ukiishia hapo utanunua RX 580 na kuiweka GTX 1660 Super mkiani. Kwenye gemu nyingi mambo ni kinyume kabisa: 1660 Super ndiyo inayoongoza. Teraflopu ni kikomo cha hesabu pale viini vyote vinapokuwa na kazi muda wote, na hali hiyo ni nadra. Namba hii inafaa kulinganisha kadi za familia moja tu. Mfano ulio wazi ni RTX 2080 Ti yenye teraflopu 13.4 na RTX 3070 yenye 20.3. Kwenye gemu zinakaribiana sana. Sababu ni kwamba kwenye kizazi cha 3070, nusu ya viini vinavyohesabiwa ndivyo pia vinavyofanya hesabu za namba kamili, na vikishughulika na hizo, teraflopu za karatasini hazipo tena.

Kinachofuata ni kasi ya memori, na kwangu hii ina uzito kuliko teraflopu. Chukua upana wa njia ya memori kwa biti, zidisha kwa kasi ya memori kwa gigabiti, gawanya kwa 8. GTX 1660 Super: 192 × 14 ÷ 8 = GB 336 kwa sekunde. RX 580: 256 × 8 ÷ 8 = 256. RX 6500 XT: 64 × 18 ÷ 8 = 144. Hiyo ya mwisho ina akiba ndogo ya ndani ya MB 16 ya kupunguza pengo, lakini video ya 4K ni kubwa mno kwa akiba hiyo.

RX 6500 XT ndiyo niliyoiondoa mapema, na si kwa sababu ya memori peke yake. Inatumia njia 4 tu za PCIe. Kwenye sloti ya 4.0 zinapitisha takriban GB 8 kwa sekunde. Kwenye sloti ya 3.0 kama yangu zinabaki GB 4, na memori ya GB 4 ikijaa, kadi inalazimika kuvuta data kupitia mlango huo mwembamba, picha zinaanza kukwama. Kubwa zaidi, haina sehemu ya kutengeneza video ya H.264 wala HEVC (mifumo ya kawaida ya kubana video) kwenye chipu. Kwa mtu anayetoa video ya harusi ya saa tatu, hilo peke yake linamaliza mjadala. GTX 1660 Super inayo.

Sasa umeme. Sloti inatoa hadi wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. RX 580 inakula wati 185, 1660 Super wati 125, nami nikachukua hiyo 1660 Super. Niliweka pawasaplai mpya ya wati 450 yenye waya wake wa pini 8. Kabla hujanunua, hakikisha soketi ya madabodi yako ni ile ya kawaida ya pini 24, kwani kompyuta nyingi za ofisini zina soketi za kipekee. Tafadhali usiunge kadi kwa adapta inayotoka kwenye waya wa SATA, ule wa kulishia diski. Waya huo umepangiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na adapta ya pini 6 inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka.

Kabla ya kutuma hela nilimwomba muuzaji picha ya skrini ya GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, kadi ikiwa imewashwa. Angalia idadi ya viini, aina ya memori na upana wake. Hapo ndipo utaiona RX 580 yenye viini 2048 badala ya 2304, au GTX 1060 ya GB 3, ambayo haikupunguzwa memori tu, ina viini 1152 badala ya 1280. Kadi ya zamani iliyobadilishwa jina kwa programu, GPU-Z huiandikia kuwa ni feki. Omba pia picha ya skrubu na bati la nyuma: kutu pale ni dalili kwamba kadi imekaa kwenye hewa ya chumvi, na sisi wa pwani tunajua hewa hiyo inavyokula shaba.

Mzigo ukifika, ondoa draiva za zamani, weka mpya, kisha ipe kadi mzigo mzito kwa dakika 15 ukiangalia joto. Ikipita nyuzi 85 huku feni zinazunguka vizuri, pesti ya kupitishia joto la chipu imekauka, ibadilishe. Vidoti vya rangi vikitokea kwenye skrini, memori inakufa, irudishe. Miezi ya Januari hadi Machi, chumba kinapochemka, mimi hushusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80 kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi. Kadi inatumia wati 100, feni zinatulia, na muda wa kutoa video unaongezeka kidogo tu.