Kinyago Kilichogeuzwa Ukutani

Newala, Jumapili jioni

Methali inasema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, nami niliiamini tangu shule ya msingi, mpaka wiki hii nilipokaa siku tatu kwa mjomba wangu, nikamwona kila usiku akiigeuza kazi yake uso ukutani kabla ya kwenda kulala.

Kazi yenyewe ni shetani: jicho moja, mdomo uliopinda hadi sikioni, na mguu unaoota mahali ambapo binadamu ana kidevu. Wageni wengi hudhani kwamba Wamakonde wamechonga mashetani ya namna hiyo tangu enzi na enzi, ilhali mtindo huo ni wa juzi tu, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji akafanya kazi Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mjomba alianza na sanamu za binadamu, mama aliyembeba mtoto au mzee mwenye mkongojo, na anakiri kwamba zile hazikumsumbua, kwa sababu alikuwa akichonga alichokiona njiani. Shetani hakumwona popote. Ametoka wapi, basi, kama si ndani yake mwenyewe?

Mjomba hapimi wala hachori. Huuzungusha mpingo mikononi, huondoa kwa tezo ule weupe wa nje mpaka akutane na kiini cheusi, kisha hukaa akikitazama, pengine asubuhi nzima. Mpingo hukua taratibu mno, huweza kuchukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kuvunwa, na ni mzito hata ukitupwa majini huzama. Kwa maelezo yake, mti laini humtii mtu upesi, naye akaishia kuchonga wazo la kwanza lililomjia, lakini mpingo humchosha mpaka ujanja umwishie, na kinachotoka baada ya hapo ndicho cha kweli. (Nilimweleza kwamba Ulaya hutengeneza klarineti kwa mti huu huu. Alicheka sana, akasema kumbe na wao hupuliza roho zao humo.)

Nilipomkumbusha ile methali, alinijibu bila kuinua macho: “Mpwa wangu, hiyo aliitunga mtu asiyechonga.”

Kisha akanirudisha kwenye hadithi ambayo kila mtoto wa Kimakonde ameisikia, ya kiumbe aliyeishi peke yake porini, akachonga gogo likawa na umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya makazi yake, na kulipokucha akamkuta ni mwanamke hai, akamwoa. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa karibu na mto, wakafa. Wa tatu alizaliwa huku juu kwenye nyanda, akaishi, na ndiyo maana Wamakonde wakapenda miinuko. Nimeisikia mara nyingi kama hadithi ya asili ya kabila, lakini jana niliisikia kwa mara ya kwanza kama hadithi ya mchongaji ambaye upweke wake ulitoka nje ya mwili ukasimama mlangoni. Nilikumbuka pia lipiko, yule mchezaji aliyevaa kinyago, lililotukimbiza utotoni wakati wa ngoma za jando. Wanaume waliojua ni mti gani uliochongwa, na ni nani aliyekivaa kile kinyago, hawakucheka hata kidogo kilipoingia uwanjani.

Leo mchana, nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, niliona kipande kirefu cha mpingo kilichofunikwa gunia. Nililifunua nikidhani ni akiba. Kulikuwa na paji la uso, mwanzo wa shavu, na kilemba kilichofungwa upande, kama alivyokuwa akikifunga marehemu mama yangu, dada yake mjomba. Chini ya kilemba hakukuwa na macho.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema kwamba ameanza mara tatu, na mara zote huishia hapo hapo.

“Kwa nini humalizi, mjomba?”

Alilichukua gunia mkononi mwangu, akalikung’uta majani makavu, akakifunika taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa.

“Huyu akiamka usiku,” alisema, “nitamwambia nini?”