Mpemba wa Makunduchi

Huu mwaka wa 15 niko Dar na bado naitwa Mpemba. Mimi mtu wa Makunduchi, Unguja; Pemba nimefika mara moja tu, tena kwa arusi. Zamani nilikuwa nikibisha, sasa nimechoka. Hata mama naye kwake kila asiyekuwa wa visiwani ni Mbara, awe Msukuma au Mmakonde. Nikitoka kwake kurudi huku, jioni lazima anipigie simu: "Ushavuka, mwanangu?"

Ila kilichonikalisha kitako ni mpira. Desemba 2017, Kombe la Chalenji, kule Kenya. Tarehe 7 timu yetu, Zanzibar Heroes, waliwafunga Kilimanjaro Stars, timu ya Bara, 2-1, nasi tunaangalia kibandani, Tabata. Nilipiga kelele mpaka mtandio ukanianguka. Jirani yangu, Mhehe mmoja mpole sana, akaniuliza bila ubaya wowote, "Dada, kwani unashangilia nchi gani?"

"Yangu."

"Si ndiyo hii hii?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye akisema nchi ni Tanzania, basi. Bendera ya Tanganyika ilishushwa 1964, hajazaliwa, na hana rais wa Bara wala bunge la Bara. Mimi kwetu kuna rais, kuna Baraza la Wawakilishi, kuna wimbo, na tangu 2005 kuna bendera. Pochini nina vitambulisho viwili, cha Taifa na cha Mzanzibari. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, marehemu baba alizima redio, na usiku ule hakula. Katiba yetu iliporekebishwa 2010, ikaandikwa kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, alinipigia simu akanisomea kifungu chote. Halafu akakirudia.

Wala sisemi Muungano uvunjwe. Mume wangu mtu wa Singida, tutagawana vipi watoto?

Tarehe 17 ikawa fainali, sisi na Kenya. Kibanda kizima kiligeuka Zanzibar, na yule Mhehe ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Mbili kwa mbili, penalti, tukalala 3-2. Akajishika kichwa.

"Tumefungwa, dada."

Ulimi uliniwasha nimuulize: mmefungwa nyinyi nani? Nikaagiza chai mbili.