Njia ya kabati: nilivyopata ramani ya kilima cha Igogo

"Nyoosha na hii, ni hapo tu juu." Ukiuliza njia ya kufika kileleni kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, jibu ni hilo, na anayekujibu humalizia kwa kunyoosha mdomo kuelekea majabali yanayofanana yote. Kweli ni hapo juu. Ila kati yako na hapo juu kuna mitaro, vyoo vya watu, mawe makubwa kuliko nyumba, na vichochoro vinavyoishia kwenye jiko la mama wa watu. Mimi hupeleka wageni juu ya mawe ya Igogo kuangalia jua likizama, na sasa nina ramani ambayo hata aliyeshuka basi jana anapanda nayo na kurudi bila kunipigia simu. Ushauri niliopewa kabla ya kuitengeneza ulikuwa wa kupoteza watu, ndiyo maana naandika.

Wa kwanza: "Si utumie ramani ya simu?" Ramani ya simu ni picha iliyopigwa kutoka angani. Kutoka angani kilima chetu ni mabati na vichwa vya mawe basi. Njia yenyewe iko chini ya hivyo: inapita kati ya majabali mawili, inainama chini ya upenu, inapanda ngazi za saruji ambazo mtu mnene anazipanda kwa ubavu. Simu ilikuwa inachora mstari mnyoofu unaopenya jiwe. Halafu kile kidoti kinachoonyesha ulipo kinaruka mtaa mzima, kwa sababu ukiwa kwenye ufa wa mawe mawimbi ya setilaiti yanagonga jiwe kwanza ndipo yakufikie, na simu inakosea hesabu ya umbali. Simama juu ya jiwe palipo wazi, usubiri kidogo, kidoti kinatulia. Kwa hiyo simu inasema kweli mahali ambapo tayari unaona kila kitu.

Wa pili ulinichekesha: "Chukua rangi nyekundu, weka alama kwenye mawe." Aliyesema hivyo hajawahi kuishi mlimani. Huku alama nyekundu ya X ukutani maana yake ni bomoabomoa. Jaribu kutembea na kopo la rangi nyekundu uone utakavyosindikizwa hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wa tatu unatoka kwenye vitabu vya wageni: saa sita mchana jua liko kusini, jipime kwa hilo. Labda kwao. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana liko kusini kweli, Juni liko kaskazini, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini, kivuli chako unakikanyaga. Tena halifiki utosini saa sita kamili, bali karibu na saa saba, maana saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo ulio mashariki ya hapa. Jua la kukusaidia ni la jioni tu. Linazama magharibi, upande wa ziwa, kwa hiyo likikupiga usoni ujue unatazama ziwa.

Kilichonifungua macho ni ramani za vituo vya kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, huko Marekani na Ufaransa. Theluji sijaigusa hadi leo zaidi ya ile ya kwenye friji. Lakini shida yao ni yetu: kilele kimoja, njia nyingi zinazotawanyika, na ukikosea ya kwanza unatokea bonde jingine kabisa. Ramani zao nyingi hazichorwi kutoka juu. Zinachorwa kama mlima unavyoonekana ukisimama mbele yake, na mchoraji anaukunja na kuunyoosha mlima ili kila njia ionekane. Vipimo havilingani, kaskazini haiko juu, na hakuna anayelalamika, kwa sababu anachokiona kwenye karatasi ndicho anachokiona mbele yake.

Basi nikaenda Capri Point, upande unaotazamana na Igogo ng'ambo ya maji, nikapiga picha ya kilima chote. Saa ya kupiga ina maana yake. Asubuhi jua liko nyuma ya kilima na uso wake ni giza tupu. Saa kumi na moja jioni linapiga usoni moja kwa moja na mawe yote yanabapa kama ukuta. Saa nane hadi saa tisa linakuja kwa mshazari kutoka juu, kila ufa unatoa kivuli, na njia zinaanza kuonekana zenyewe. Vuta picha karibu vipande vipande, viunganishe, chapa kwa rangi hafifu kwenye karatasi ya A3, kisha chora juu yake kwa kalamu.

Sasa rangi. Wamarekani wana duara la kijani kwa njia nyepesi, mraba wa buluu kwa ya kati, almasi nyeusi kwa ngumu. Kila kituo kinapanga kwa kulinganisha njia zake chenyewe, kwa hiyo buluu ya mlima mmoja inaweza kuwa nyeusi ya mwingine. Mimi nilihitaji kipimo ambacho mwenyeji atanijibu bila kufikiri, kwa sababu ukimuuliza mtu aliyezaliwa mlimani kama njia ni ngumu, atasema ni nyepesi, hata kama anaipanda kwa meno.

Kipimo ni kabati.

Nyumba za juu kule zina makabati, makochi, majokofu. Hakuna gari lililoyafikisha. Yalibebwa, na kila mwenye nyumba anakumbuka yalivyobebwa, kwa sababu alilipa na kuna mguu wa kabati ulivunjika. Unaingia uani, unasalimia vizuri, mwadila yako, yaani salamu ya Kisukuma, inatangulia swali.

"Shikamoo mama. Samahani, hilo kabati lilipandishwa kwa njia gani?"

"Marahaba mwanangu. Kwani unalitaka?"

Ukishamweleza kwamba hulitaki, kaa chini, maana utapewa kila kona. Vijana wanne na kamba. Kwenye mwarobaini walilitua. Kwa fundi cherehani lilikataa kupinda, wakarudi nyuma, wakazungukia kwenye tangi jeusi la maji, wakatokea nyuma ya kanisa. Hiyo ndiyo njia ya kijani: palipopita kabati anapita mgeni mwenye kitambi, mkoba na viatu vya ovyo. Njia ya buluu ni ya dumu. Mfuate kwa macho mwanamke mwenye dumu la lita 20 kichwani. Hachagui njia fupi, anachagua isiyomlazimu kuinama wala kushika jiwe. Nyeusi ni njia za watoto. Ukimuuliza mtoto njia atakupitisha kwenye matundu ambayo pimbi anayafikiria mara mbili. Popote mkono unapogusa jiwe, weka nyeusi, hata kama ni hatua tano tu.

Namba nazo nilizikopa. Ufaransa nguzo za pembeni mwa njia zina namba zinazopungua kadiri unavyoteremka, ya mwisho chini kabisa ni 1. Nimehesabu njia panda zangu kuanzia barabarani kwenda juu, kwa hiyo anayeshuka anaona namba zikipungua, na akikwama ananitumia namba badala ya kunieleza kwamba yuko karibu na bati la bluu. Kila namba imefungwa kwenye kitu kisichohama: jiwe lenye umbo fulani, mwembe, ngazi. Usitumie genge la nyanya wala ukuta wenye tangazo la kampuni ya simu. Vinahama.

Juu kwenye jiwe lenyewe ramani haikusaidii sana, miguu ndiyo inayosoma. Granite kavu inashika soli vizuri. Kinachoangusha watu ni changarawe laini iliyomomonyoka ikalala juu ya mteremko, inakubeba kama umekanyaga gololi. Michirizi myeusi ni mapito ya maji yenye ukungu na mwani. Ikilowa usiikanyage. Baada ya mvua uso wa jiwe unakauka upesi jua likitoka, lakini nyufa na upande wa kivuli hubaki na maji, na mvua za huku hupenda kuja na radi alfajiri kutoka ziwani, kwa hiyo safari ya asubuhi ndiyo ya kuahirisha. Gonga jiwe kwa kisigino: likilia uvungu, hilo ni ganda lililobanduka kwa joto na baridi, lizunguke. Na jiwe la duara linadanganya wakati wa kushuka, kwa sababu mteremko unazidi kuwa mkali mbele yako na ukingo huuoni. Ulipopandia ndipo unaposhukia.

Kwenye kila namba, wakati wa kupanda, geuka upige picha ya chini. Njia ukiishuka haina sura uliyoipanda nayo. Jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache kutegemea mwezi, na giza huingia kwa dakika ishirini hivi, kwa hiyo tochi ya kichwani iwe mfukoni, mikono ibaki huru. Anayepanga kushukia upande wa pili kwa sababu taa zake zinavutia aandae na hela ya bodaboda ya kumrudisha, elfu moja au mbili kutegemea mdomo wake.

Kuchapa rangi na kupitisha leminesheni kwenye stesheneri za mjini ilinigharimu elfu chache kwa kila nakala, na bei inashuka ukitoa nyingi. Usitoe nyingi. Masika inakula ngazi, na watu wanaongeza vyumba: namba 9 yangu sasa ina ukuta wa tofali mbichi katikati, na njia ya kabati imehamia uani kwa jirani, pembeni ya banda la kuku, ukisalimia unapita.